Maswali kwa Bi Khairiya

Mke wangu Muzna hawezi kuandika akiwa amekaa kitako. Mawakili wenzake hukaa, wakawasha feni, wakaagiza chai, kazi ikaenda. Yeye huanza na kiti, kidogo tu utamwona dirishani, halafu jikoni anafunua vyungu visivyo na kitu, halafu uani anageuza nguo zilizokwisha kukauka tangu asubuhi. Kompyuta anaiacha wazi juu ya meza ya kulia, na kila akipita anaongeza neno au anafuta. Mimi ni fundi wa mafriji, kazi yangu haiendi kwa kuzunguka, na mtu anayepita nyuma ya kisogo changu nikiwa nakula wali huniudhi. Nimeshamwambia mara nyingi. Jibu lake ni lile lile, nihamie barazani.

Wakati wa kesi ya Duni nilihamia barazani kweli.

Duni ni mwanamke wa asili ya Tumbatu anayeishi mjini, Mkunazini, katika vyumba viwili vya chini vya nyumba ya ghorofa. Ana ua mdogo nyuma, na humo ndimo anamochoma mikate ya ufuta anayouza mlangoni kwake. Nyumba ilikuwa ya Sheikh Badar, mtu wa ukoo wa Kiarabu, mcha Mungu, ambaye hakujaaliwa mtoto. Mama yake Duni, Mwanakheir, aliletwa mjini kumuuguza mama yake Sheikh Badar, bibi aliyepooza upande mmoja. Akamlisha, akamgeuza, akamsafisha, na alipokufa akawa miongoni mwa waliomwosha. Msiba ulipokwisha, Sheikh Badar akampa vile vyumba vya chini viwe vyake. Hakuna kilichoandikwa. Watu wa zamani wa mji huu walikuwa wakipeana vyumba kama wanavyopeana sahani ya futari, kwa mdomo na bismillahi, na aliyetaka karatasi alionekana ana lake jambo.

Sasa Sheikh Badar amekufa, na Mwanakheir amekufa. Ghorofani amebaki Bi Khairiya, dada yake Sheikh Badar, mwanamke mzima wa makamo ya bibi yetu, na mtoto wa kaka yao mwingine, Nadir. Nadir alirudi kutoka Maskati na mpango wake wa kuigeuza nyumba iwe ya wageni, na wageni lazima wapokewe chini, pale pale anapolala Duni na wanawe. Ikafunguliwa kesi kwa jina la Bi Khairiya, kwa kuwa ndiye msimamizi wa mirathi. Ilisema kwamba Duni amekaa mle kwa hisani tu, hisani imekwisha, atoke.

Mimi sikumpenda Nadir tangu siku ya kwanza na sioni sababu ya kuficha. Ni kijana wa kuamkia watu huku anaangalia ukuta nyuma yao, kama anayepima pa kutoboa.

Muzna alinieleza sheria yake tukiwa tunakula, yaani mimi nakula na yeye anatembea. Alisema zawadi ya nyumba inaweza kusimama bila ya kuandikwa, lakini lazima ithibitike kwamba mtoaji alitamka, mpewaji alikubali, na kitu chenyewe kilikabidhiwa. Duni wakati huo alikuwa mtoto mdogo, yuko Tumbatu kwa bibi yake. Anachojua ni kile alichosikia kwa mama yake maisha yake yote: "Sheikh kanipa ufunguo, na Bi Khairiya yupo."

"Kwa hiyo shahidi yupo mmoja," nikasema.

"Mmoja, na ndiye anayetushtaki."

Hapo ndipo yakaja maswali. Mahakama inaruhusu, ukiomba, upande mmoja uupelekee upande wa pili maswali ya maandishi kabla kesi haijasikilizwa, na yule aliyepelekewa lazima ayajibu kwa maandishi, chini ya kiapo. Muzna aliweka matumaini yake yote humo, kwa sababu anamjua Bi Khairiya. Nusu ya wanawake wa mtaa ule wanamjua. Alikuwa akisomesha Kurani wasichana pale pale ghorofani, na Muzna alimaliza juzuu amma miguuni pake. Kiapo Bi Khairiya anakiogopa mno. Msichana akiteleza ulimi akasema wallahi kwa kitu cha mchezo, alikuwa anafukuzwa akasukutue kinywa ndipo arudi.

"Uongo hawezi kuapa," Muzna akasema. "Nikimuuliza vizuri, atasema kweli, na Duni atabaki kwake. Nikimuuliza vibaya, Nadir atampitisha katikati ya maneno."

Basi akaanza kuandika, na nyumba yetu ya Chukwani ikakosa raha.

Najua wakili hatakiwi kumsomea mumewe mambo ya mteja. Duni mwenyewe aliridhia, alisema shemeji Darwesh ana mdomo mrefu wa kubishana lakini si wa kuchukua maneno. Nikafanywa Bi Khairiya. Kila jioni nikirudi kazini, kabla sijavua viatu, naambiwa nikae, naulizwa, na mimi kazi yangu ni kukimbia. Siku ya kwanza nilijitanda kanga yake kichwani ili nikae kwenye nafasi ya bibi. Hakucheka hata kidogo.

"Je, unafahamu kwamba marehemu Sheikh Badar alimpa Mwanakheir vyumba vya chini?"

"Nafahamu nini mie, mwanangu? Watu wanasema mengi."

Akafuta. Akazunguka meza.

"Je, marehemu alimpa Mwanakheir ufunguo na kumruhusu akae humo na watoto wake?"

"Naam, alimruhusu akae."

"Na ufunguo?"

"Umeuliza mawili, nimejibu moja. Wallahi sina..."

"Usiape kwenye mchezo, Darwesh."

Nilikuwa nakimbia vizuri, najisifu. Kila mlango aliouacha wazi nilipita. Akiuliza juu ya "muda mrefu," nauliza mrefu kiasi gani. Akiuliza "familia," nauliza ya nani. Akiuliza alichokuwa akikifikiri Sheikh Badar, nasema kichwa cha kaka yangu amezikwa nacho. Naye akizidi kubana. Akajiwekea kanuni kwamba kila swali liwe na jambo moja, na mtu mmoja anayefanya jambo hilo, na liwe la kuonekana kwa macho au kusikika kwa masikio. Aliyafunga maswali yale mpaka nikawa sina pa kutokea ila kwa kusema ndiyo au siyo.

Kulikuwa na moja ambalo mimi nililipenda. Lilisema: "Eleza unachojua juu ya namna Mwanakheir alivyoingia katika vyumba vya chini." Alilitoa mwenyewe. Katika kesi nyingine zamani hakimu aliwahi kumwambia mbele za watu kwamba mahakama si pwani ya kutandaza nyavu, aseme samaki gani anamtaka. Maneno yale hayajamtoka. Akasema swali pana jibu lake pana, na katika upana ndimo Nadir anamofichama. Akalifuta, akaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Lakini kilichokuwa kinamzungusha hasa si ufundi wa maswali. Siku moja alisimama katikati ya sebule na kufuli la stoo mkononi, sijui alilitoa kwa nini, akasema, "Namwandikia mwalimu wangu kama namwandikia mwizi." Nikamwambia basi awache, mawakili wapo wengi. Akaniangalia jicho ambalo mume hulikumbuka. "Na Duni nimwambie nini? Kwamba nimeona haya?"

Akawa hapiti tena njia ya Mkunazini kwenda ofisini. Anateremka Darajani na kuzunguka mbali, jua kali, faili kifuani, ili asikutane na mtu dirishani. Na ukimkimbia mtu katika Mji Mkongwe utakutana naye msibani. Ndivyo ilivyokuwa. Kulikuwa na hitma ya jamaa wa Malindi, Muzna akaenda, akaingia upande wa wanawake, na nafasi iliyokuwapo ilikuwa moja tu, ubavuni mwa Bi Khairiya. Akamwamkia, akambusu mkono. Yule bibi akaushika mkono wake asiuachie.

"Hujambo mwanangu? Nasikia unanitungia mtihani."

Muzna akasema, "Bi Khairiya, haifai mie na wewe tuzungumze hayo."

"Haifai, najua. Wakili wetu kaniambia nijibu ninachoulizwa, nisizidishe hata neno. Basi nawe uliza, mwanangu. Mie ntajibu."

Alirudi nyumbani hakula. Alichukua maneno yale kama kitisho, kwamba bibi ameshapangwa na Nadir, ameshafundishwa kujifunga mdomo. Usiku ule ule akaanza kubana upya maswali yaliyokwisha kubanwa, na alfajiri nilipoamka kusali nilimkuta amesimama mbele ya kompyuta na kanga yake imeanguka sakafuni, hana habari. Nilimhurumia, na nilimkasirikia. Yote mawili kwa pamoja.

Hakimu aliyapitisha. Akasema kwa mara ya kwanza ameona maswali yasiyopoteza wakati wa mahakama. Muzna alinipigia simu kunambia hayo, nami nilikuwa ndani ya chumba cha baridi cha hoteli moja huko Fumba, nusu ya mwili wangu kwenye mashine, nikafurahi mpaka nikajigonga kichwa.

Kisha tukangoja. Kungoja kwa Muzna ni kazi kuliko kuandika. Alipaka rangi mlango wa jiko. Aliubadilisha mkao wa makochi, nikajikwaa gizani. Alimpigia binti yetu Basma, aliyeolewa Dodoma, kumuuliza kama anakumbuka alipoacha madaftari yake ya darasa la tano.

Majibu yalikuja, yamepigwa chapa na kutiwa mhuri wa kiapo. Alinisomea akiwa bado na viatu.

"Je, ulimwona marehemu akimkabidhi Mwanakheir ufunguo wa vyumba vya chini? Jibu: Sikumwona."

"Je, marehemu alimkabidhi Mwanakheir ufunguo huo wakati wowote mbele yako? Jibu: Hapana, hakumkabidhi."

"Je, ulimsikia marehemu akimwambia Mwanakheir kwamba vyumba hivyo ni vyake? Jibu: Sikumsikia akimwambia."

Yakaendelea hivyo hivyo, siyo, siyo, siyo. Lile la kwamba Mwanakheir aliishi humo tangu msiba wa mama yao mpaka alipokufa lilijibiwa ndiyo, na hilo halikuwa na mgogoro. Muzna akayaweka makaratasi juu ya friji. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mwalimu wangu kaapa uongo."

Nilijaribu kusema uzee, labda kasahau. Akasema aliyesahau hujibu sikumbuki, na sikumbuki haimo hata mara moja. Mtu yule amejibu kwa uhakika. Neno lake, kwa kiasi gani hatujui, lakini limeuzwa. Nilimwona mke wangu analia kwa ajili ya kitu ambacho hakihusu mahakama.

Duni alipoambiwa hakulia. Aliuliza, "Basi mama yangu ndiye mwongo?" Na tangu hapo akawa anauliza hilo tu, akibadilisha maneno. Kuhama angehama, alisema, ana jamaa Nungwi, ana mikono ya kufanyia kazi. Lakini mama yake amemlea akimwambia hapa ni petu, shika fagio ufagie petu. Ikiwa si petu, basi kila alichoambiwa na yule mama inabidi akipime upya. Huku nyuma, Nadir alikwisha kuleta mafundi waingie uani kwake kupima kuta na utepe, bila hata ya kubisha hodi. Wanawe Duni walikuwa wanasoma Kurani pale uani, ikabidi wajikunyate kona wapishe utepe.

Jioni moja alikuja kwetu Chukwani. Kesi ilikuwa karibu kusikilizwa na Muzna alitaka kumtayarisha kwa kuulizwa. Walikaa sebuleni, yaani Duni alikaa. Mimi nilitia udhu nikajitayarisha kwenda kusali magharibi, na nilipofika mlangoni nikamkuta Duni naye anatoka, anavaa viatu. Nikakumbuka bakuli lake. Alikuwa ametuletea mikate humo kabla, na bakuli la watu halirudi bure, Muzna alikuwa amelijaza visheti. Nikalichukua mezani, nikaja nalo, na Duni akanyoosha mikono kulipokea. Nikaliweka juu ya kizingiti cha baraza.

"Bakuli lako hilo, Bi Duni. Samahani, nina udhu."

"Hapana neno, shemeji," akasema, akainama akalichukua.

Jambo la kawaida kabisa. Kwetu sisi, mwanamume mwenye udhu ngozi yake ikigusana na ya mwanamke anayeweza kumuoa, udhu umeondoka, arudi bombani. Wapo wasiojali mpaka wagusane kweli. Wapo waangalifu, na mimi ukinikuta nimechelewa msikitini ni mwangalifu sana. Kitu unakiweka chini, mwenzio anakiokota. Au ukiwa na dada yako au mama yako karibu, unampa yeye akipeleke, maana huyo hakuvunjii kitu. Hata mtoto wa kwetu anajua, na hakuna anayeligeuza hili kuwa habari.

Lakini Muzna alikuwa nyuma yangu, na nikasikia kimya. Hakuna hatua, hakuna mlango.

"Darwesh," akasema. "Umemkabidhi Bi Duni bakuli?"

"Nimempa, huoni?"

"Nimekuuliza umemkabidhi? Wewe, mkononi mwake?"

"La. Nimeweka, kachukua. Nitachelewa rakaa, Muzna."

Hakunisikia. Alimshika Duni mabega. "Sheikh Badar alikuwa mtu wa udhu?"

Duni akashangaa. "Yule? Mchana kutwa. Akimaliza sala moja anangoja nyingine. Mama alikuwa anasema kakaa nyumba ile umri mzima, na Sheikh hajampa kitu mkono kwa mkono hata siku moja. Dawa za bibi akimpa Bi Khairiya, Bi Khairiya ndiye anayempa mama. Hata maneno. Anasimama juu ya ngazi anamwambia dada yake, kamwambie Mwanakheir kadha wa kadha, na mama yuko pale chini anasikia nusu."

"Na ufunguo?"

Duni akakaa juu ya kizingiti, bakuli mapajani.

Mimi sikuenda msikitini jioni ile, nilisali pale pale nyumbani, nimechelewa, na Mungu anajua sababu. Muzna aliyachukua majibu juu ya friji na kuyasoma upya, na safari hii kila "siyo" ilikuwa kweli tupu. Hakumwona Sheikh Badar akimkabidhi Mwanakheir ufunguo, kwa sababu Sheikh Badar hakumkabidhi. Hakumsikia akimwambia, kwa sababu hakumwambia. Kama kulikuwa na mkono uliotoa ufunguo na ulimi uliotamka, ni wa Bi Khairiya mwenyewe, na juu ya mkono na ulimi wake hakuna aliyemuuliza chochote. Mke wangu, aliyezaliwa Kikwajuni na kulelewa chini ya mabibi wa namna hiyo, aliandika maswali yake kana kwamba watu wote duniani hupeana vitu uso kwa uso.

"Aliniambia," Muzna akasema. "Pale hitmani. Uliza, mwanangu. Mie nikadhani ananitisha."

Alirudi mahakamani kuomba swali la nyongeza. Wakili wa upande wa pili alipinga kwa ghadhabu, akasema bibi wa watu ameshajibu, asisumbuliwe uzeeni mwake, na maswali hayana mwisho. Nadir alikuwa nyuma yake anamnong'oneza. Hakimu akamuuliza Muzna kwa nini hakuuliza mwanzo. Muzna akasema, "Kwa sababu nilikosea, mheshimiwa. Nimemuuliza juu ya kaka yake, sikumuuliza juu yake yeye." Nadhani hakimu hakuzoea wakili kusema amekosea. Akamkubalia, lakini akamwambia liwe hilo hilo na la mwisho.

Siku zile za kungoja hata mimi nilikosa utulivu. Nilifunga friji ya mtu nikasahau bisibisi ndani. Maana sasa tulikuwa tunajua mahali pa kugonga, lakini hatukujua nani atafungua. Bibi yule anaishi na Nadir, anakula kwa mkono wa Nadir, akiumwa anachukuliwa hospitali na Nadir. Anaweza kusema sikumbuki, na nani atamwambia unakumbuka? Muzna alikuwa anaamka kabla ya adhana na kusimama mlangoni.

Jibu lilipofika, mimi nilikuwa ofisini kwake, juu ya ngazi, natengeneza kiyoyozi chake kilichokuwa kinamwaga maji juu ya mafaili. Duni aliitwa akaja na harufu ya ufuta. Muzna akasoma.

"Swali: Je, wewe mwenyewe ulimkabidhi Mwanakheir ufunguo wa vyumba vya chini? Na kama ulimkabidhi, ni nani aliyekutuma, na alikutuma useme nini? Jibu: Ndiyo, ni mimi. Kaka yangu Badar alikuwa juu ya ngazi anakwenda Ijumaa. Alinitia ufunguo mkononi akaniambia, mpe Mwanakheir, umwambie vyumba vya chini ni vyake na vya mwanawe baada yake, na asimuombe mtu ruhusa. Nilishuka nikampa kwa mkono wangu wa kulia, nikamwambia kama nilivyoambiwa. Mwanakheir alilia, akasema amekubali. Nimeulizwa na nimejibu."

Nilishuka ngazi. Nilitaka kupiga vigelegele, ila si kazi ya wanaume. Kabla ya adhuhuri wakili wa upande wa pili alikwisha kupiga simu, kwamba wanaiondoa kesi. Duni anabaki. Muzna alicheka, akafuta macho, akamkumbatia Duni, akamwachia, akamkumbatia tena.

Mwisho Duni akauliza, "Hilo la mwanawe baada yake. Limo, au umelitia wewe?"

"Limo. Angalia."

Aliliangalia, akaliwekea kidole. Nikadhani sasa atafurahi.

"Kwa hiyo alikuwa anajua," akasema.

Muzna akasema kwa upole, "Hakuulizwa, Bi Duni. Na wakili wao alimkataza kuzidisha neno. Kosa langu mie, niliuliza sivyo."

"Hapana, simlaumu. Nakuuliza wewe kitu. Kesi hii yote, kila asubuhi nilikuwa nampandishia mkate wake, ule laini, kwa sababu ya meno. Kila asubuhi nikisema shikamoo, Bi Khairiya, akisema marahaba, mwanangu. Tuko watu wawili, mlangoni, hakuna mtu mwingine. Ningemuuliza pale pale, Bi Khairiya, mama yangu alipewa au hakupewa, angenijibu?"

Muzna hakutaka kujibu. Nilimjua.

"Angekujibu," akasema.

"Siku ya kwanza kabisa kuja hapa nilikwambia, niache nikamuulize mwenyewe. Ukaniambia nisithubutu, nitaharibu kesi."

Kiyoyozi kilikuwa kimezimwa na chumba kilikuwa cha moto. Muzna alisema ndivyo sheria inavyotaka, ndivyo mawakili wote wanavyowaambia wateja wao, na kila alilolisema lilikuwa kweli. Duni alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamshukuru kwa adabu zote, akanishukuru na mimi, akavaa viatu vyake mlangoni, akaenda nyumbani kwake.